Baba asiyekula mboga anapoingia jikoni

Ni saa mbili usiku. Mezani kuna ugali, maharage na mchicha. Baba anasogeza pembeni bakuli la mchicha na kuuliza kama kuna yai. Mtoto wa miaka mitano, ambaye tayari alikuwa amemega tonge, anamtazama baba yake, kisha naye anasukuma sahani.

“Na mimi nataka yai.”

Mama, aliyerudi kazini saa moja tu iliyopita, anainuka na kurudi jikoni.

Nyumba zenye mandhari kama hiyo si chache, na mara nyingi lawama humwangukia mtoto. Ataambiwa anadeka, ataambiwa kuna watoto wanaolala njaa. Asiyesemwa ni mtu mzima aliyekaa meza hiyo hiyo: hagusi mboga za majani, hataki samaki, anachambua vipande vya kitunguu kwenye mchuzi, na tangu azaliwe hajapika zaidi ya chai.

Kuchagua chakula na kutojua kupika ni mambo yanayoweza kulishana. Asiyepika hukutana na chakula kikiwa kimeshaiva, na uamuzi wake unakuwa mmoja tu: kula au kuacha. Anayepika ana nafasi ya kuamua mengi kabla ya hapo. Anaweza kupunguza kitu, kukisaga, kukikausha au kukiongezea chumvi. Ndiyo maana kwa mtu mzima wa aina hii, sufuria inaweza kusaidia pale mawaidha yaliposhindwa.

Si kudeka tu

Kabla ya kumcheka, ni vizuri kuelewa kinachomsumbua. Watu hawaonji sawa. Kuna wanaozaliwa na uwezo mkubwa zaidi wa kuhisi uchungu, kwa hiyo mnavu ambao jirani anaufurahia, kwao ni dawa. Wengine hawana shida na ladha bali namna chakula kinavyohisiwa mdomoni: bamia inayoteleza, nyanya laini katikati ya wali, utando wa juu ya maziwa.

Wapo pia ambao hali yao imepita kuchagua kwa kawaida. Mwaka 2013, Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliingiza katika mwongozo wake tatizo la kukwepa vyakula kiasi cha kuathiri afya au maisha ya mtu. Anayekonda, anayeishiwa nguvu au anayeogopa kula mbele za watu anahitaji daktari, si kulazimishwa.

Aanze na anachokula

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuanza na chakula kinachochukiwa. Mtu anaamua kubadilika Jumatatu, anapika sufuria nzima ya mchicha, inamshinda, na safari inaishia hapo.

Njia nyepesi ni kuanzia kwenye sahani anayoipenda na kubadilisha kitu kimoja tu. Kama anakula mayai, ajifunze kuyakaanga mwenyewe mpaka mkono uzoee moto. Akishaweza, aongeze kitunguu kilichokatwa kidogo sana na kukaangwa hadi kiwe cha kahawia. Baadaye nyanya. Baadaye majani machache ya mchicha yaliyokatwa katwa. Chakula bado ni mayai yale yale anayoyajua, ila kila wiki kina kitu kipya ndani.

Kwa anayesumbuliwa na vipande kwenye mchuzi, nyanya na vitunguu visagwe kwa blenda kabla ya kuungwa. Bamia huteleza kidogo zaidi ikikatwa ikiwa kavu, ikakaangwa kwenye moto mkali bila maji. Samaki akipakwa ndimu harufu yake hupungua, na akikaangwa akawa mkavu humfaa asiyependa nyama laini. Mboga chungu hutulizwa na chumvi kidogo, tui la nazi au karanga zilizosagwa, jambo ambalo bibi zetu walilifanya siku zote. Mchicha hauhitaji kukaa motoni mpaka ubadilike rangi. Dakika chache zinatosha.

Kuonja mara moja hakutoshi. Tafiti kuhusu watoto zimeonyesha kwamba chakula kipya huweza kuhitaji kuonjwa mara 8 hadi 15 kabla ya kukubalika. Mtu mzima naye asijihukumu kwa kijiko cha kwanza. Aonje kidogo, aache, arudie siku nyingine.

Mpishi mpya ajihadhari

Baadhi ya vyakula si vya kujaribia peke yako. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha. Yalowekwe usiku, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu kwa angalau dakika 10 na kuendelea kupikwa hadi yalainike. Kisamvu nacho lazima kitwangwe na kuchemshwa vya kutosha kwa sababu ya sumu iliyo kwenye majani mabichi. Hivyo vipikwe pamoja na mwenye uzoefu mpaka vizoeleke.

Hapo ndipo mwenzi, mama mzazi au dada anapohitajika, kwa sharti moja: asimnyang’anye mwiko. Wali wa kwanza utashika chini, yai la kwanza litaungua. Akicheka mtu mmoja na kusema “ondoka nikupikie”, mwanafunzi anaweza asirudi tena.

Mtoto anatazama

Faida kubwa ya yote haya inaweza isiwe kwenye sahani ya baba. Watoto hula kwa kuiga, na maneno “kula mboga” hayana uzito yakitoka kwa mtu ambaye bakuli lake limesogezwa pembeni. Baba akionja, akakunja uso kidogo na kusema, “Bado sijaizoea, lakini nitaonja tena kesho,” amemfundisha mwanawe kwamba kutopenda kitu leo si kiapo cha maisha.

Mtoto anaweza kuingia naye jikoni: aoshe mchicha, achambue majani, apige mayai. Alichokishika kwa mikono yake hakimtishi sana kikifika mezani.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na wengi huutumia msemo huo kukata tamaa juu ya watu wazima. Lakini hakuna anayemtaka baba akunjike kwa siku moja. Inatosha kwamba jioni moja kwa wiki iwe zamu yake, hata kama mezani kutakuwa na wali, mayai yenye majani matatu ya mchicha, na mama anayemaliza kula bila kuinuka.