Mtoto Kaumia, Usitafute Mchawi!

Kama unaishi na mtoto wa mwaka mmoja na nusu na wiki nzima hujasikia kishindo, basi ama kapelekwa kwa bibi yake, ama yuko chumbani anachezea kitu asichotakiwa kukigusa. Kinamama wenzangu mnanielewa. Kelele za mtoto si tatizo, kimya ndicho cha kukimbilia. Mtoto wa umri huu ana miguu ya kumfikisha popote, ila hana akili ya kumrudisha.

Na sisi wa Mwanza tuna mitihani yetu ya ziada. Nyumba zetu zimepanda juu ya mawe; kule Igogo na Mabatini mlango ukifunguliwa tu, mtoto anakutana na ngazi na mwamba. Maji ya bomba yakikatika, ndani kunajaa ndoo na mapipa. Jiko la mkaa liko barazani, usawa wa pua yake. Halafu ukishuka kidogo tu, ziwa hilo hapo.

Wa kwangu ana miaka miwili. Mpaka sasa tumeshapita kwenye nundu ya paji la uso, mdomo uliopasuka, chai iliyomwagika mkononi na punje ya maharage iliyopotelea puani. Katika yote hayo, kitu kikubwa nilichojifunza kinahusu maneno. Mtoto akilia, swali la kwanza kwenye nyumba nyingi ni "Nani alikuwa naye?" wakati linalotakiwa ni "Kimetokea nini?" Swali lipi linatangulia linaweza kuamua mtoto anafika hospitali saa ngapi.

"Ulikuwa wapi wewe?"

Picha hii unaijua. Baba anaingia saa mbili usiku, anaona plasta kwenye kidevu cha mwanaye. Hajavua hata viatu: "Ulikuwa wapi wewe mpaka mtoto anaanguka?" Mama anamgeukia dada wa kazi. Dada anaangalia sakafu. Kesho yake mama mkwe anapiga simu kutoka kijijini, naye ana lake: "Enzi zetu watoto hawakuwa wanaungua ovyo." Usiku huo wawili wanalala wamegeuziana migongo, na mtoto aliyeanza yote anakoroma katikati.

Kama ingeishia hapo, yangekuwa maudhi tu ya ndoa. Tatizo ni kwamba nyumba ikishazoea kutafuta mchawi, watu wake wanajifunza kuficha. Dada anayeogopa kufukuzwa ataufunika mkono ulioungua kwa dawa ya meno na kumvalisha mtoto sweta. Mama anayeogopa maneno ya mume atasema "tuangalie mpaka kesho". Na ile kesho ndiyo inayoumiza.

Madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Bugando waliwahi kuchapisha utafiti wa watoto 342 walioungua, waliotibiwa hapo kati ya Januari 2008 na Desemba 2010. Karibu nusu yao walikuwa na umri wa miaka miwili kushuka chini. Zaidi ya nusu hawakuunguzwa na moto wenyewe, bali na vitu vya moto vya kumwagika. Na takriban 9 kati ya 10 walifika hospitalini hapo saa 24 zikiwa zimeshapita. Sababu za kuchelewa ziko nyingi: umbali, nauli, kupitia kwanza zahanati au kwa mganga. Mimi naongeza moja ambayo ni ngumu kuandikwa kwenye faili la mgonjwa: hofu ya kuulizwa.

Kwetu tuliweka sheria mapema, na baba yake akaikubali: anayesema kwanza hagombezwi. Siku ile ya chai nilikuwa ofisini. Dada akanipigia: "Mama, mtoto kajimwagia chai mkononi, nipo namwagia maji, bado analia." Sentensi moja, kila kitu kimo. Bomba halikuwa na maji siku hiyo, hivyo alikuwa anachota kwa kopo kwenye ndoo na kuumwagia ule mkono taratibu. Nilipofika alikuwa bado anamwagia. Baada ya wiki mbili ilibaki alama ndogo tu.

Chai, uji na jiko

Alichofanya yule binti ndicho kinachotakiwa. Mahali palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Yasiwe barafu. Wakati huo huo vua bangili na nguo zilizolowa, isipokuwa zile zilizogandia kwenye ngozi, hizo ziache. Kisha funika kwa kitambaa safi, kanga iliyofuliwa inatosha, uondoke. Asali ya jikoni, ute wa yai, dawa ya meno, samli na manyoya ya sungura viacheni, jamani. Vinaziba joto ndani au kuingiza uchafu, na daktari analazimika kumkwangua mtoto upya. Malengelenge msiyapasue. Ikiwa ni usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri, au eneo kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, ni hospitali moja kwa moja.

Kuzuia ni rahisi zaidi. Chupa ya chai isikae kwenye stuli. Kitambaa cha meza kinachoning'inia kiondoe kwa miaka hii miwili mitatu, utakirudisha. Mpini wa sufuria ugeuzie ukutani. Jiko la mkaa lichoreeni mstari wa chaki kulizunguka, na mtu mzima asitoke hapo bila kumwachia mwenzake zamu kwa mdomo: "Mwangalie, natoka."

Chupa ya soda isiyo na soda

Mafuta ya taa, dawa ya kufulia ya maji na sumu ya panya vinauzwa kwa kupimwa, navyo hurudi nyumbani kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto hasomi maandishi, anajua umbo la chupa. Akinywa mafuta ya taa, usimtapishe, na usimpe maziwa wala mafuta ya kula kama tulivyosikia tangu utotoni. Hatari kubwa ya mafuta ya taa ni kuingia kwenye mapafu, na kutapika ndiko kunakoyapeleka huko. Mvue nguo zilizolowa, mfute mdomo, chukua ile chupa, nenda hospitali hata kama anacheza. Kikohozi na kuhema kwa shida vinaweza kuja baadaye.

Karanga, sarafu na mwiba wa sato

Hapa tupo kwenye mkoa wa samaki, na mtoto anaanza kula sato kabla hajaota meno yote. Mchambulie kwa vidole vyako mwenyewe, mkiwa kwenye mwanga wa kutosha. Mwiba ukikwama, lile tonge kubwa la ugali la kuusukuma linaweza kuuzamisha zaidi. Mpeleke akaangaliwe.

Karanga nzima, bisi na punje za mahindi ya kuchoma vingoje mpaka atimize miaka minne au mitano. Madaktari wa Bugando waliowatoa watu vitu vilivyokwama kooni na kwenye njia ya hewa walikuta karanga zikiongoza kwenye njia ya hewa, na sarafu kwenye njia ya chakula. Betri ndogo za duara, zile za saa na rimoti, ni mbaya kuliko sarafu: ndani ya saa mbili inaweza kuunguza koo vibaya. Hiyo hungoji ishuke yenyewe.

Mtoto aliyepaliwa na bado anakohoa, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa wala kulia, mwinamishe, mpige makofi matano katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Ikishindikana, simama nyuma yake, msukume tumboni juu ya kitovu kuelekea ndani na juu mara tano, rudia. Wa chini ya mwaka mmoja hasukumwi tumbo, anasukumwa kifua. Na usichokonoe koo kwa kidole kutafuta usichokiona.

Kuhusu ile punje ya maharage, nesi alinifundisha jambo ambalo sitalisahau. Nilifunika mdomo wa mwanangu kwa mdomo wangu, nikaziba tundu la pua lililo wazi, nikapuliza mara moja kwa haraka. Maharage yakanitua shavuni.

Ndoo kabla ya ziwa

Tukisikia "kuzama" tunawaza ziwa. Lakini kwa mtoto anayejifunza kutembea, ndoo ya uani inatosha. Kichwa chake ni kizito kuliko miguu; akiinama na kutumbukia hawezi kujitoa, na maji ya kina cha sentimita chache tu yanaziba pua na mdomo. Hapigi kelele. Mapipa yawe na mifuniko mizito, beseni la kufulia limwagwe likishatumika, mlango wa bafuni ufungwe.

Kwa wanaofulia na kuosha vyombo ziwani, au wanaoanika dagaa ufukweni, mtoto anahitaji mtu wake ambaye kazi yake saa hiyo ni kumwangalia yeye tu. Dada yake wa miaka sita si mtu huyo. Shirika la Afya Duniani linasema watoto wa mwaka 1 hadi 4 ndio walio hatarini zaidi kuzama. Kule Bangladesh vijiji viliweka vituo vya kukusanyia watoto wadogo asubuhi, saa ambazo mama zao wana kazi nyingi, na vifo vya kuzama vikapungua sana. Kinamama wanne wa mwalo mmoja wakipeana zamu, wameshapata kituo chao.

Nundu: lini ukimbie?

Nundu nyingi ni za kukanda kwa kitambaa cha baridi na kubembeleza. Kulala si kosa kama muda wake wa kulala umefika, ila mwamshe uone anaamka kama kawaida. Kimbia hospitali akizimia hata kidogo, akitapika tena na tena, akiwa mgumu kuamka, akidegedeka, mboni za macho zikitofautiana, au damu na majimaji yakitoka sikioni au puani. Wa chini ya mwaka mmoja usijadiliane naye, peleka.

Jeraha linalovuja likandamize kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia. Kama ni msumari, nenda na kadi ya kliniki. Kinga ya pepopunda imo kwenye sindano za wiki ya 6, 10 na 14, na daktari atataka kujua kama alizimaliza. Akiumwa na mbwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha siku hiyo hiyo mkafuate chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama mbwa ni wa jirani.

Jumamosi hii

Wewe, mwenzio na dada wa kazi, pigeni magoti mtambae nyumba nzima, sebule mpaka uani, mkiangalia kwa urefu wa mtoto. Mtacheka, lakini mtaona waya, kiwembe na kile kidonge kilichoanguka chini ya kabati. Kisha kadi ya kliniki, nauli ya dharura na namba ya bodaboda mnayemwamini vikae mahali pamoja ambapo wote watatu mnapajua.

Halafu mwambieni dada mbele ya baba mwenye nyumba, ili asikie kwa masikio yake: mtoto akianguka, sema. Na siku akija mbio kukwambia, kabla hujauliza lolote, mwambie asante.