Kwa nini tochi itake kujua unakolala?

Ukienda Luthuli Avenue jijini Nairobi kununua simu ya mkononi, bila shaka utauliza bei kwanza. Kisha utauliza habari za kamera, betri na dhamana. Muuzaji, ambaye kwa maneno humshinda wakili, atakujibu yote kabla hujamaliza kuuliza. Lakini ni wateja wachache mno wanaouliza: je, kifaa hiki kitataka kujua nini juu yangu, na ni nani atakayeshika ufunguo wake nikishafika nyumbani?

Msomaji mpenzi, usidhani maswali haya ni ya wataalamu wa kompyuta peke yao. Chukua mfano wa tochi. Mwaka wa 2013 huko Marekani, tume ya serikali inayowalinda wanunuzi ilimchukulia hatua mtengenezaji wa programu ya kugeuza simu kuwa tochi. Programu hiyo ilikuwa ya bure, na watu mamilioni walikuwa wameiweka kwenye simu zao. Kumbe mwenye simu alipokuwa akimulika chini ya kitanda kutafuta kiatu, programu ilikuwa ikiwapelekea wafanyabiashara wa matangazo habari za mahali alipo. Isitoshe, hata kabla hajabonyeza kukubali au kukataa masharti, habari zilikuwa zimekwisha kuanza kukusanywa. Sasa jiulize, tochi ya kumulikia kiatu ina haja gani ya kujua unakolala?

Hapa kwetu Kenya shida hii iliingilia mlango wa mikopo. Programu za kukopesha kwa haraka zilipozuka kama uyoga, mtu aliyehitaji shilingi elfu mbili za dawa alibonyeza "kubali" mara mbili tatu, akapata pesa. Mara nyingi mojawapo ya "kubali" hizo ilikuwa ruhusa ya kusoma orodha yote ya namba zilizomo simuni mwake. Siku alipochelewa kulipa, simu zilianza kupigwa, na si kwake tu. Alipigiwa mwajiri wake, akapigiwa mwenyekiti wa chama na, fedheha iliyoje, akapigiwa mama mkwe! Watu hao hawakukopa hata ndururu, wala hakuna aliyewauliza kama wanakubali namba zao zitumiwe. Ndiyo maana mimi huamini kwamba orodha ya namba si mali ya mwenye simu peke yake. Ni amana ya watu.

Sheria imeanza kuamka. Bunge lilipitisha Sheria ya Kulinda Data mwaka wa 2019, na mwaka wa 2022 Benki Kuu ya Kenya ikatoa kanuni za kuwadhibiti wakopeshaji wa mitandaoni. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia vibaya habari za watu. Wakati huo huo shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za watoto bila idhini ya wazazi. (Mzazi, picha za sherehe za shule zinakuhusu pia!) Google nayo, kuanzia tarehe 31 Mei 2023, ilizikataza programu za mikopo zilizomo katika duka lake kusoma orodha za namba na picha za wateja. Mwenye malalamiko anaweza kuyapeleka kwa Kamishna, na sheria inataka uchunguzi umalizike katika muda wa siku 90.

Lakini siku 90 ni nyingi kwa mtu ambaye mkwe wake amekwisha kupigiwa. Afadhali kinga. Simu za Android za miaka ya karibuni humwezesha mwenyewe kutoa ruhusa moja na kunyima nyingine. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya ruhusa, uone ni programu zipi zinazoruhusiwa kutumia kipaza sauti, kamera, namba na mahali ulipo. Ramani kujua ulipo ni haki yake. Mchezo wa mtoto wa kupanga matofali kutaka kipaza sauti ni udukuzi mtupu. Unyime, na ukigoma kucheza, ufute.

Na ninyi wanafunzi mnaonunua nakala za wizi za programu za kuandikia, kwa nini mjisumbue? LibreOffice hupatikana bure na kwa halali, nayo hufungua kazi nyingi mnazotumiwa na wahadhiri. Firefox ni ya kutembelea intaneti, VLC ni ya kutazama filamu. Hizi ni programu za wazi, yaani maandishi yaliyozitengeneza yamewekwa hadharani, kama mpishi aliyebandika ukutani viungo vyote vya pilau yake. Wewe huenda hujui kupika, lakini wapishi wengine hupita wakachungulia, na anayetia kitu kibaya sufuriani huweza kugunduliwa. Ni kweli kwamba si kila cha wazi ni kizuri, wala sikwambii uihame WhatsApp wakati chama, kwaya na darasa zima vimo humo. Hayo ni mambo ya watu wasio na jamaa.

Limebaki suala la ufunguo. Simu za kulipia kidogo kidogo kila siku zimewawezesha wengi ambao wasingeweza kutoa pesa zote kwa mkupuo, na sizibezi hata kidogo. Hata hivyo, kwa kawaida simu ya namna hiyo huja na programu ya mwuzaji inayoweza kuifunga ukikosa kulipa, nayo huwezi kuiondoa mwenyewe kabla deni halijaisha. Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, mwulize mwuzaji: ni baada ya siku ngapi simu hufungwa? Nikilipa usiku, itafunguliwa saa ngapi? Programu hiyo huona nini zaidi ya deni langu? Nikimaliza kulipa, nani huiondoa? Majibu yawe kwenye karatasi. Na ikiwa binti yako ameandika kazi yake ya chuo kwenye simu hiyo, aiweke nakala mahali pengine usiku huu huu.