Nani Humlipa Mlezi wa Mtoto? Fedha za Umma na Huduma ya Malezi katika Kata ya Chapwa

Kabla jua halijachomoza, akina mama wengi wa Kata ya Chapwa huwa wameshatoka nyumbani. Yupo anayewahi sokoni na ndoo ya nyanya, yupo anayekwenda kuuza chai na vitumbua kwa madereva wa malori, na yupo anayevuka mpaka kufuata bidhaa upande wa Nakonde. Tangu Kituo cha Pamoja cha Huduma za Mpakani kizinduliwe Oktoba 2019, biashara ya mji wetu huanza mapema na humalizika usiku. Swali la kwanza la siku, kwa kila mwenye mtoto mdogo, ni moja: mtoto abaki na nani?

Wengine humwacha kwa bibi au kwa jirani. Wengine humkabidhi kwa dada yake mwenye umri wa miaka 9, ambaye saa hiyo alipaswa kuwa darasani. Wengine humbeba mgongoni hadi sokoni, na akishajua kutembea hucheza kando ya barabara ambako malori na bodaboda hupishana kutwa nzima. Ndiyo maana wazazi wamekuwa wakiuliza: ikiwa Serikali huajiri walimu na wauguzi, kwa nini haimwajiri anayelea watoto wetu mchana? Makala haya yanaeleza fedha za umma zinafika wapi katika huduma hii, zinaishia wapi, na mwananchi anaweza kufanya nini.

Walezi wa aina mbili, mifuko miwili

Mtoto aliye chini ya umri wa kuanza darasa la kwanza anaweza kuwa mikononi mwa watumishi wa aina mbili, na ni vyema tuwatofautishe.

Wa kwanza ni mwalimu wa elimu ya awali katika shule ya msingi ya umma. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 inaitambua elimu ya awali kuwa sehemu ya mfumo rasmi, na tangu Januari 2016 hailipiwi ada katika shule za umma. Mwalimu huyu ni mtumishi wa umma. Hulipwa na Hazina, hupanda daraja, na huchangiwa katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF). Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma ni shilingi 500,000 kwa mwezi, kutoka shilingi 370,000.

Wa pili ni mlezi katika kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, ambacho wengi wetu hukiita chekechea. Kituo hiki hupokea hata watoto ambao bado hawajafikia umri wa darasa la awali. Huendeshwa na mtu binafsi, taasisi ya dini, shirika au kikundi, baada ya kupata leseni kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mlezi huyu hayumo katika orodha ya mishahara ya Serikali. Analipwa na mwenye kituo, na mwenye kituo anategemea ada za wazazi.

Kwa hiyo, mzazi anapouliza kwa nini Halmashauri haimlipi mlezi wa chekechea ya mtaani kwake, jibu ni kwamba nafasi ya mlezi huyo haimo katika muundo wa ajira tulionao. Halmashauri haiwezi kumlipa mshahara mtu ambaye nafasi yake haina kibali wala fungu.

Ajira ya mwalimu wa awali hupatikanaje?

Safari huanzia kwenye takwimu. Mwalimu Mkuu hupeleka idadi ya watoto walioandikishwa na idadi ya walimu waliopo. Kiwango kinachotumika nchini ni mwalimu 1 kwa watoto 25 wa awali. Halmashauri hujumlisha upungufu wa shule zote na kuuingiza katika makadirio ya ikama na mishahara. Makadirio hayo hupelekwa Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, ambayo hutoa vibali vya ajira kulingana na uwezo wa bajeti ya Serikali. Baada ya hapo nafasi hutangazwa na usaili hufanyika.

Katika mlolongo huu mzazi ana nafasi ambayo wengi hawaitambui. Mtoto asiyeandikishwa haonekani katika hesabu. Shule yenye watoto 60 wa awali mtaani lakini 28 tu katika daftari itaonekana haina uhitaji mkubwa wa mwalimu. Kumwandikisha mtoto kwa wakati ni kumwombea mwalimu.

Hesabu ya kituo kimoja

Tuchukue mfano wa kukadiria ili tuone kwa nini walezi wa vituo huja na kuondoka. Kituo kina watoto 30, na kila mzazi anatakiwa kulipa shilingi 25,000 kwa mwezi. Mapato ni shilingi 750,000. Kina walezi 2, kila mmoja akilipwa shilingi 280,000, jumla shilingi 560,000. Zinabaki shilingi 190,000 za uji, maji, kuni, sabuni na kodi ya jengo.

Sasa wazazi 8 wasilipe mwezi huo, labda kwa sababu biashara imeyumba au mzigo umekwama. Mapato yanapungua kwa shilingi 200,000. Kabla hata ya kununua kilo moja ya unga wa uji, kituo kina upungufu wa shilingi 10,000, na bado hatujagusa mchango wa mwajiri katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF). Mara nyingi anayeombwa avumilie ni mlezi. Atavumilia mwezi wa kwanza na wa pili. Mwezi wa tatu atafungua genge lake, na watoto watazoea uso mwingine upya.

Kwa mtu mzima, kubadilishwa kwa mlezi ni usumbufu mdogo. Kwa mtoto wa miaka 2 ni jambo zito. Mtoto mdogo hujifunza kusema, kula na kutulia kupitia mtu anayemfahamu na anayeitambua sauti ya kilio chake. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto wa umri wa miaka 0 hadi 8, imeweka malezi yenye mwitikio miongoni mwa maeneo yake matano, pamoja na afya bora, lishe toshelezi, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Mwitikio hauwezekani pale ambapo mlezi hubadilika kila baada ya miezi mitatu.

Mkopo wa asilimia 10: unachoweza na usichoweza

Sheria inazitaka halmashauri zote nchini kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisitishwa mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu, na ulirejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha wanawake chenye wanachama wasiopungua 5 kinaweza kuandika andiko la mradi wa kituo cha malezi kama ambavyo kingeandika la ufugaji au ushonaji. Andiko hufanyiwa tathmini, na uamuzi hutegemea ubora wake na fedha zilizopo.

Hata hivyo, ni lazima tuseme wazi. Mkopo unafaa kununulia magodoro, viti vidogo, matangi ya maji, vyombo na vifaa vya kuchezea, na kukarabati choo kiwafae watoto. Haufai kuwa chanzo cha mshahara. Mkopo ni wa mara moja na hurejeshwa. Mshahara ni wa kila mwezi na haurudi. Kikundi kitakachotumia mkopo kuwalipa walezi kwa miezi 6 ya kwanza kitajikuta katika mwezi wa 7 kikidaiwa marejesho huku walezi wakidai ujira. Andiko zuri huonyesha kwamba ada, hata baada ya kutoa wasiolipa, inatosha kumlipa mlezi na kurejesha deni.

Tunaweza kujifunza nini kwingine?

Nchini mwetu kuna mfano wa karibu. Kwa miaka mingi wahudumu wa afya ngazi ya jamii walifanya kazi kwa kujitolea, na wengi waliacha mradi uliowawezesha ulipokwisha. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu 137,294 katika kipindi cha miaka 5, wakiwa na mafunzo ya aina moja na posho inayotambulika. Huduma iliyoonekana kuwa ya hisani imepewa fungu.

Kwa majirani zetu wa Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilikabidhi elimu ya awali na vituo vya kulelea watoto kwa serikali za kaunti. Kaunti zimeajiri walimu wa awali, ingawa malipo yamekuwa yakitofautiana kati ya kaunti na kaunti, na walimu wamekuwa wakidai yalinganishwe. Funzo ni kwamba huduma ikiwa na mwenyewe anayejulikana kisheria, mtumishi hujua mlango wa kugonga. Mlezi wa Chapwa bado hana mlango huo.

Mwananchi afanye nini sasa?

Kwanza, mwandikishe mtoto wako katika darasa la awali muda wa uandikishaji unapotangazwa.

Pili, mwenye kituo aonane na Afisa Ustawi wa Jamii kuhusu leseni. Kituo chenye leseni hukaguliwa na hushauriwa. Aulize pia kima cha chini cha mshahara kinachohusu kituo chake, kwa kuwa viwango vipya vya sekta binafsi vilianza kutumika Januari 2026.

Tatu, kikundi kinachotaka kuanzisha kituo kianze kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata, ambaye ataelekeza usajili wa kikundi na uandishi wa andiko. Kikundi kifikirie pia kumpeleka mwanachama mmoja mafunzoni. Chuo cha Ustawi wa Jamii Kisangara, mkoani Kilimanjaro, ni miongoni mwa vyuo vinavyofundisha malezi ya watoto wadogo.

Nne, suala hili lifikishwe katika mkutano wa mtaa na Kamati ya Maendeleo ya Kata wakati wa kuibua vipaumbele vya bajeti. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mapendekezo huandaliwa miezi mingi kabla. Katika mikutano hiyo wananchi huomba darasa, choo na barabara, na ni haki yao. Ni mara chache mtu husimama kuuliza nani atakaa ndani ya darasa hilo na watoto, na atalipwa na nani. Swali hilo likiandikwa katika muhtasari wa kikao, husafiri na muhtasari hadi Baraza la Madiwani.

Jengo likikamilika hukatiwa utepe na kupigwa picha. Mlezi aliyekaa na watoto walewale kwa miaka mitano hapigwi picha, lakini ndiye aliyemwezesha mama kufika sokoni akiwa na moyo mtulivu, na dada wa miaka 9 kuketi darasani kwake. Tunapopanga bajeti ya mwaka ujao, naye ahesabiwe.