Barua Zilizohifadhiwa na Tope

Huko Vindolanda, kaskazini mwa Uingereza, mgeni huonyeshwa misingi ya mawe ya ngome iliyolinda mpaka wa dola ya Kirumi. Hazina kubwa zaidi ilikuwa chini yake. Kuanzia mwaka 1973 wachimbaji wamefukua vibao vyembamba vya mti vilivyoandikwa kwa wino yapata mwaka 100 baada ya Kristo. Kimojawapo ni mwaliko wa Claudia Severa kwa mke wa mkuu wa kikosi, aje kwenye sikukuu yake ya kuzaliwa.

Mbona mti huo haukuoza? Udongo uliojaa maji hukosa oksijeni, na vijidudu viozeshavyo mti havistawi bila hewa hiyo. Adui basi si mvua, bali ukame: tope likikauka, barua ambazo bado hazijafukuliwa zitaoza kabla hazijasomwa.