Kuni Zinaishia Wapi? Kupunguza Gharama ya Moto Nyumbani



Mwezi wa Saba ukifika hapa kwetu Machakos, baridi inashuka kutoka vilima vya Iveti na Mbooni, na katika kila mkutano wa kikundi tunaohudhuria malalamiko ni yale yale. Makaa yamepanda. Kuni ziko mbali. Pesa iliyotoka kwa mzunguko wa kikundi, ambayo ilikuwa inunue mbuzi, imeishia jikoni. Halafu tunaulizwa: tununue jiko gani?

Sisi huwa tunajibu kwa swali. Huo moto ulio nao sasa, unaenda wapi?

Chukua mawe matatu yaliyo wazi penye upepo. Ukichoma kuni kumi, joto linaloingia ndani ya sufuria ni kama la kuni moja, au moja na nusu. Lingine lote limeenda na upepo na moshi. Na kama kuni ni mbichi ni mbaya zaidi, kwa sababu mti uliokatwa jana unaweza kuwa karibu nusu ni maji kwa uzito. Moto lazima ukaushe hayo maji kwanza ndipo ukumbuke sufuria yako. Kwa hivyo mama anayenunua mzigo wa kuni mbichi amenunua maji kwa bei ya kuni. Pasua kuni ziwe nyembamba, zipange mahali penye hewa chini ya paa, na uzianze mapema, miezi kadhaa kabla ya mvua. Kazi hii haitaki hata shilingi moja.

Sasa tuje kwa isyo na muthokoi, maana hapo ndipo kuni za Ukambani zinakwisha. Mji wa Machakos uko kama mita 1,600 juu ya bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka yakiwa na joto la karibu nyuzi 95, si 100 kama Mombasa. Ndiyo sababu maharagwe yetu yanachelewa kuiva. Si ati mbegu ni mbaya.

Jambo ambalo wengi hatukufundishwa ni hili: maji yakishachemka, yamechemka. Ukiongeza kuni ili yaruke kwa nguvu, hayapati joto zaidi. Yanageuka mvuke tu, unaongeza maji baridi, na safari inaanza upya.

Kuna wakati tulijaribu jambo hili na kikundi kimoja cha akina mama, mbele ya macho ya wote. Sufuria mbili, mahindi na maharagwe kipimo kimoja, na mizigo miwili ya kuni kavu iliyopimwa kwa mizani. Sufuria ya kwanza ilipikwa kama kawaida, bila kuloweka, bila mfuniko. Ya pili chakula kilikuwa kimelowekwa usiku mzima, kikafunikwa na jiwe likawekwa juu ya mfuniko, na ilipochemka tukavuta kuni nje, ukabaki moto mdogo tu. Hiyo ya pili iliiva kuni nyingi zikiwa bado zimelala kando, hata akina mama wengine wakasema tumewadanganya kwenye mizani! Ilibidi kupima tena. Mzee mmoja akasema mama yake alikuwa analoweka hivyo hivyo, ila watu waliacha wakati kuni zilikuwa za bure.

(Wengine hutia magadi ili maharagwe yalainike haraka. Ni kweli yanalainika, lakini magadi huharibu vitamini. Afadhali kuloweka.)

Hatua inayofuata ni kapu la kupikia. Chukua kapu kubwa au sanduku, ulijaze pande zote na chini nguo kuukuu au majani makavu ya migomba, uache shimo la kutosha sufuria, na ushone mto mnene wa kufunika juu. Maharagwe yaliyolowekwa yachemshe kabisa kwa nusu saa. Usipunguze hapo, maana maharagwe mekundu yana sumu inayokufa kwa kuchemka vizuri tu. Kisha ingiza sufuria ndani ya kapu ikiwa bado inatokota, funika, na uende shambani saa tatu au nne. Usifungue kuchungulia! Ukirudi, pasha moto tena kidogo na ule. Mchele hautaki hata hayo: dakika tano motoni, saa moja kwenye kapu. Ugali haupikwi humo, tusidanganyane.

Kwa habari ya majiko, yapo mawili tunayoyaamini. La kuni ni lile la maendeleo, kikombe cha udongo uliochomwa ambacho unakijengea kwa mawe na matope jikoni kwako. La makaa ni lile la bati lenye udongo ndani, lililoanza kutengenezwa Kenya miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la Thailand, na ambalo mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo walilieneza. Likiwa zima, la makaa huokoa kati ya theluthi na nusu ya makaa ukilinganisha na la bati tupu. Lakini angalia udongo wake kabla ya kulipa. Ukiwa na ufa, au ukitingishika ndani ya bati, mwachie fundi.

Tufanye hesabu. Tuseme nyumba yako inamaliza mkebe mmoja wa makaa kwa siku, na mkebe ni shilingi 80. Kwa mwezi ni shilingi 2,400. Ukiokoa theluthi moja, umebaki na 800 kila mwezi, yaani 9,600 kwa mwaka. Weka bei ya soko lako ufanye upya. Na chakula kikiiva, usiache makaa yajiishie bure. Yatie kwenye kopo la chuma lenye mfuniko yazimike, kesho uyatumie.

Makaa yenyewe si rahisi. Katika tanuru la udongo, kilo moja ya makaa hula kilo 6 hadi 10 za kuni. Mwaka 2018, serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na jirani zetu wa Kitui wakazuia makaa kusafirishwa, tuliona jinsi bei ilivyoruka. Anayechoma matawi ya shamba lake hakutingishika sana. Miti ya mbaazi baada ya kuvuna, magunzi ya mahindi, matawi ya mgrevilea uliopandwa kwenye kingo za matuta, hizo zote ni kuni. Watafiti Tiffen, Mortimore na Gichuki waliandika mwaka 1994 kwamba watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano kati ya 1930 na 1990, na bado waliongeza miti mashambani mwao. Kazi ya mwethya, hiyo!

Gesi tunaisifu kwa chai ya asubuhi na chakula cha haraka. Kodi ya asilimia 16 iliyowekwa mwaka 2021 iliondolewa 2023. Isyo kwa gesi, hapana, labda kwa kapu.

La mwisho, na hapa tunaomba msikilize. Usiku wa baridi watu huingiza jiko la makaa chumbani, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo ya kuogopwa. Yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya hewa safi ndani ya damu, na aliyelala haamki. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu. Ukiona hivyo toa watu wote nje mara moja, kisha hospitali, hata kama wanasema wamepata nafuu. Joto la kulala litafute kwingine: ziba nyufa za chumba kisicho na moto, waweke watoto kitanda kimoja, na maji yaliyobaki juu ya jiko, yakiwa ya moto lakini hayachemki, yatie kwenye chupa iliyofungwa vizuri, izungushie shuka, uiweke miguuni. Jiko libaki nje.