Ngao mwambani si ngao tu

MAJUZI nikiwa mjini Machakos, mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne alinikaba kwa swali: “Mwalimu, nitajuaje kitu ni taashira? Si mkoba ni mkoba tu?”

Swali lake lina uzito. Wengi hukariri orodha: njiwa ni amani, giza ni ujinga. Basi. Ila taashira haizaliwi orodhani; huzaliwa katika matumizi.

Chukua Lukenya, kilima kilicho kando ya barabara ya Mombasa, papa hapa Machakos. Kwenye miamba yake kuna michoro. Mwaka wa 1975, mwanaakiolojia Richard Gramly aliihusisha michoro ya aina hiyo na karamu za nyama za wafugaji, akailinganisha na chapa za ng’ombe. Chapa si urembo: humtaja mwenye mifugo. Vivyo hivyo, nakshi za ngao ya Mmaasai humtambulisha morani na kundi lake. Ngao hukinga, lakini pia husema.

Wasan wa kusini mwa Afrika nao walichora vitu vya kawaida: mikoba, mishale, usinga. Mtafiti David Lewis-Williams anafafanua kwamba usinga huo unahusiana na ngoma ya uganguzi, ambamo mganga huingia katika ulimwengu wa mizimu. Asiyeijua ngoma hiyo ataona kifaa cha kufukuzia nzi!

Je, sisi tuko mbali nao? La hasha. Tukisema fulani “amerithi mikoba”, hakuna anayeuliza ina nini ndani. Tunajua ni uongozi. Na Mzee Jomo Kenyatta alipopunga usinga wake, hakuwa akisumbuliwa na nzi.

Kwa hivyo, nilimwambia mwanafunzi yule ajiulize: nani anakishika kitu hiki, lini, na mbele ya nani? Kikifanya kazi zaidi ya ile iliyokifanya kiundwe, hapo pana taashira.

Lakini kuna onyo. Lugha ya Wasan iitwayo |Xam ilishakufa. Tunaielewa sehemu ya michoro yao kwa sababu miaka ya 1870, Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd waliandika masimulizi ya wasemaji wake jijini Cape Town. Bila madaftari hayo, mengi katika miamba ile yangebaki bubu.

Nyumbani kwenu kuna kibuyu, kigoda au upinde wa babu? Muulize maana yake leo. Kesho kitabaki kibuyu tu.