Si kila gia 'imekufa': vitenzi ndivyo vinavyomwongoza fundi

Ukizunguka gereji za Kitengela, hutakosa kusikia sentensi hii: "Fundi, katapila imekufa gia." Kwa mazungumzo ya kawaida haina neno. Kwa fundi anayetakiwa kulitengeneza trekta la minyororo lililozeeka, haisemi lolote. Akiifuata ilivyo, atafungua giaboksi nzima, pengine bure, huku silanga, yaani bwawa la kunyweshea mifugo, ikibaki nusu na mvua iko njiani.

Hoja yangu leo ni kwamba Kiswahili hakijapungukiwa na maneno ya kueleza hitilafu hizi. Nomino nyingi tumezikopa: gia, klachi, pampu, oili. Hata katapila limetokana na Caterpillar, jina la kibiashara lililosajiliwa Marekani mnamo 1910. Lakini vitenzi ni vyetu, na ndivyo vinavyoonyesha ugonjwa ulipo.

Tutazame vitatu. "Gia haiingii" maana yake wenzo unasukumwa lakini meno yanakwaruzana. Katika trekta la zamani lenye klachi ya kawaida, mshukiwa wa kwanza ni klachi isiyoachia sawasawa, wala si giaboksi.

"Gia inatoka" ni jambo jingine. Gia iliingia vizuri, ila mzigo ukizidi, wenzo unarudi wenyewe katikati. Hapo shuku meno yaliyolika au springi iliyochoka ya kuishikilia gia mahali pake.

"Gia haishiki" ni la tatu: wenzo umeingia, injini inanguruma, mashine imesimama tu. Kwa trekta zinazobadilisha gia kwa nguvu za oili, anza na kiwango cha oili, kisha chujio, kisha presha ya pampu. Lakini ikiwa haishiki kwenda mbele na inarudi nyuma bila shida, usiilaumu pampu haraka. Ichunguze klachi ya mbele na sili zake.

Kuna mtego wa sarufi pia. Opareta akisema "inateleza tu," kiambishi i- kinasimamia nini? Gia, klachi na mashine, zote za ngeli ya I-ZI, huchukua i- katika umoja. Minyororo, ya ngeli ya U-I, huchukua i- katika wingi. Katika udongo mweusi wa tambarare za Athi na Kapiti, tofauti hiyo ni pesa. Minyororo ikizunguka na mashine isisogee, kinachoteleza ni minyororo kwenye tope, na dawa ni kungoja udongo ukauke. Injini ikinguruma na minyororo isizunguke, shuku klachi. Mnyororo mmoja ukizunguka na mwenzake ukasimama, anza na klachi ya kukatia kona ya upande ule. Kwa hivyo, nomino itajwe kabla ya kitenzi.

Tusikisahau kiambishi -ki-. "Gia haishiki" na "gia haishiki ikipata moto" ni kauli mbili tofauti. Oili ikipata moto huwa nyepesi, nayo hupenya kwa urahisi kwenye sili zilizolika au pampu iliyochakaa, presha ikashuka. Mashine inayofanya kazi vizuri asubuhi na kulegea saa sita inaeleza hali hiyo, na -ki- ndiyo inayoibeba habari hadi kwa fundi.

Nawasihi maopareta wanaopiga simu kutoka Isinya au Kajiado mjini waachane na "imekufa". Waseme hivi: "Fundi, gia ya mbele haishiki mashine ikipata moto. Ya nyuma inashika. Oili imefika alama." Akishasikia hayo, fundi atajua abebe spana gani na vipuri gani kabla hajapanda matatu, na giaboksi isiyo na kosa haitafunguliwa.